Santuri Iliyopakwa Siagi

Mjukuu wangu husikiliza muziki kwa simu. Haununui wala hauweki mahali. Unamjia kutoka hewani, na bando zikiisha unakatika, naye anatia simu mfukoni na kwenda zake kana kwamba hakuna kilichopotea. Juzi aliniuliza kama ni kweli santuri za zamani zilikuwa na sauti nzuri kuliko hii ya kustrimu, kwa maana amesikia kwa wajomba zake kwamba nilikuwa mtu wa mashine. Jibu ninalo, na ni refu. Lakini nyanya yake alikuwa ameketi papo hapo akichagua maharagwe kwenye ungo, nikaona vidole vyake vimetulia. Nikamwambia mtoto sijui.

Najua vizuri sana. Katika miaka ya tisini hapakuwa na mtu, kati ya kituo chetu cha majani chai na barabara ya lami ya kwenda Bomet, aliyejua kuliko mimi jinsi sauti inavyoharibika. Nilikuwa karani wa kupokea majani. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na hilo lilinipa kiburi ambacho mshahara wangu haungeweza kunipa. Nilikuwa na pleya ya santuri ya kufunga kama sanduku, na spika mbili nilizozipigia mbao mwenyewe. Stima haikuwa imefika kwetu, kwa hiyo vyote vilitumia betri ya gari. Betri ikiisha niliipeleka Mulot, mbali kote huko, kwa sababu niliamini fundi wa pale anachaji polepole na besi inatoka nzito zaidi. Watu walinicheka kwa hilo.

Nyumbani kwangu muziki ulikuwa na sheria. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mtoto akikimbia sindano iliruka, basi watoto hawakukimbia. Mlango haukufunguliwa wimbo ukiendelea. Mtoto wangu wa pili nilimpiga kofi kwa sababu alipiga chafya. Leo ni mtu mzima, na akija kunitembelea bado hukaa karibu na mlango.

Redio niliidharau. Jirani zangu wote walikuwa nayo, na kila Jumapili alasiri, kilipofika kipindi cha lugha yetu, mlima mzima ulikuwa unasikiliza kitu kimoja. Lakini sauti ilikuja na kwenda. Mara mwimbaji yuko chumbani nawe, mara amezama, na juu yake anasoma habari mtu wa ng'ambo ya ziwa kwa lugha isiyojulikana. Tena mtangazaji alikuwa na salamu za kusoma, nyingi, kwa hiyo hakuna wimbo uliofika mwisho. Alikuwa anaushusha pole pole, anaanza kuongea juu yake, na ndiyo kwaheri. Nilikuwa nikiwaambia watu: redio inakupa inachotaka, ikitaka, santuri ni yako, iko ndani ya nyumba, inakupa wimbo wote. Nilikuwa sahihi kabisa. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilichofanya baadaye sikukifanya kwa kutojua.

Mama mkwe wangu alikuwa na santuri moja tu maishani mwake. Ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, na aliyeimba upande wa kwanza alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka ya mke wangu. Kijana huyo alikuwa na gitaa. Katika miaka ya sabini aliimba kidogo, akarekodiwa mara hiyo moja, kisha akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi Uganda, akafia huko wakati wa fujo. Mwili haukuletwa. Kwao Siongiroi hakuna kaburi lake. Kilichobaki ni ile santuri, ambayo alikuwa amemletea mama yake kabla ya kuondoka, ingawa mama hakuwa na kitu cha kuipigia.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kawaida, habari ya kijana aliye safarini. Lakini ubeti wa mwisho ulikuwa wa mama. Hapo aliacha kuimbia wasichana na marafiki, akamwita mama yake, akamsalimu. Miaka kadhaa redio iliupiga wimbo huo, na kila mara mtangazaji aliukata kabla ya ubeti huo kwa ajili ya salamu za watu wengine. Yule mama alikaa karibu na redio ya jirani miaka hiyo yote, akisikia mwanawe akikaribia kumsalimu, kisha akinyamazishwa. Baadaye hata redio ikaacha kuupiga.

Masikio yake yalianza kufa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia binti yake kwamba hayatarudi, yataendelea kufunga taratibu. Mke wangu akaniomba mama akae kwetu kwa muda, karibu na hospitali, nikakubali. Alikuja na nguo zake, kibuyu chake cha maziwa, na santuri imefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Hakuficha nia yake. Alimwambia binti yake anataka kusikia ubeti wa mwisho, ausikie mpaka aushike, kabla masikio hayajafunga.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huchepuka kando. Akiwa na neno kwako humwambia mtu mwingine naye akakuambia, hata kama mmesimama hatua chache tu. Ni heshima, na mimi niliikuta. Kwa hiyo mama alilala katika nyumba ya jikoni ng'ambo ya uwanja, na sebuleni, kwenye pleya, hakuweza kuingia nikiwa ndani. Ingetosha mimi kutoka tu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kwa sababu sikujua. Nikienda kazini mke wangu alimwingiza mama, akamweka kwenye kigoda mbele ya spika ya kushoto, akampigia wimbo. Niligundua kwa sababu ya kitambaa cha spika. Kilikuwa na alama ya mafuta, mviringo, na kilinukia siagi na moshi wa jikoni. Alikuwa anaegemeza sikio pale.

"Mama amekuwa akiingia hapa," nikamwambia mke wangu.

"Anasikiliza mtoto wake, baba."

"Ananichafulia spika."

"Nitaosha."

"Na sindano je? Unajua sindano inaisha? Ile rekodi ni kama barabara ya mawe."

Asubuhi iliyofuata niliing'oa sindano kwenye mkono wa pleya, nikaifunga kwa pamba, nikaitia katika mfuko wa shati, nikaenda nayo kupima majani. Nilifanya hivyo kila siku. Wanawake walioleta majani walidhani ni dawa ya jino. Kuanzia hapo santuri iliweza kupigwa nikiwa nyumbani tu, na nikiwa nyumbani mama hakuweza kuingia.

Mke wangu hakupiga kelele. Alijaribu kwa upole, jioni nilipokuwa nimekula.

"Jumapili utoke kidogo, baba. Mama asikie akiwa karibu."

"Niende wapi?"

"Hata kwa ng'ombe. Wimbo ni mfupi."

"Nitoke kwangu nikasimame na ng'ombe? Mimi nitapiga, yeye atasikia akiwa jikoni. Masikio si anayo?"

"Masikio ndiyo yanaisha."

"Basi nitaongeza sauti."

Sikuongeza. Sauti ikipanda sana spika zile zilipasuka juu, na sikuvumilia mpasuko. Nilipiga wimbo Jumapili kwa sauti ile niliyoona inafaa kwa masikio yangu, mimi nikiwa kwenye kiti cha mkono, na mama mkwe akasimama katika mlango wa jikoni ng'ambo ya uwanja ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nilimwona dirishani. Mara ya kwanza alisimama mlangoni. Wiki chache baadaye alikuwa chini ya ukingo wa paa. Mwaka ule ulipokwisha alikuwa amesogea mpaka katikati ya uwanja, amesimama kwenye matope na mgongo ameuelekeza kwangu kwa heshima. Kila aliposogea nilijua masikio yamepungua kiasi gani.

Kisha nikanunua mashine ya sidii. Ilikuwa bonasi nzuri ya majani chai mwaka huo, na Kericho mjini mwenye duka alinionyesha kile kisahani kinachong'aa, akakipangusa kwa shati, akaniambia hakichakai, hakina sindano, kinasomwa na mwanga tu. Niliposikia ule ukimya kabla ya wimbo kuanza, nilishikwa. Santuri ina mvumo wake hata mwimbaji akinyamaza. Sidii ilikuwa kama chumba kilichofagiliwa. Nililipa palepale, na watoto waliendelea na viatu vilevile.

Nilikuwa na marafiki wawili waliokuja Jumapili baada ya kanisa. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa letu, jirani yangu wa mpaka, mtu wa kucheka haraka. Wa pili alikuwa karani katika ofisi ya shamba kubwa la chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyevaa vizuri na kupenda rumba kuliko chakula, na kuniita omera, yaani ndugu kwa lugha yao. Huyo ndiye niliyetaka kumshinda. Nikabuni mchezo. Nilikuwa na wimbo uleule wa rumba kwenye santuri kubwa na kwenye sidii. Nikatundika shuka mbele ya mashine zote mbili, wageni wakae upande huu, mimi nipige nyuma ya shuka, wao waseme ni ipi.

Hiyo ilikuwa Januari, wakati wa jua kali na vumbi. Asubuhi ya Jumapili yenyewe mke wangu aliniletea ile santuri ya kaka yake kutoka jikoni, kama kawaida, ili niipige mchana. Nilipoishika iliniteleza mkononi.

"Hii imefanyiwa nini?"

"Mama ameipaka siagi."

"Ameipaka nini?"

"Alisema imekauka. Alisema inapasuka kama ngozi ya mtoto wakati wa kiangazi." Alikuwa anatazama chini. "Amepaka tu. Jinsi tunavyopaka mtu."

Kwetu siagi si ya chakula peke yake. Anayefunga ndoa hupakwa, anayebarikiwa hupakwa, mtoto hupakwa akitoka kuoga. Mama hakuwa na mtu wa kumpaka isipokuwa ile santuri. Siku mbili au tatu ilikuwa imekaa na siagi yake karibu na jiko, na vumbi la Januari lilikuwa limeingia katika mistari yote. Ningeweza kuifuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Nilikuwa nimeshafanya hivyo kwa santuri za wengine. Badala yake nikaona ni kichekesho kizuri, nikaiweka kando kwa ajili ya wageni.

Mchezo ulianza. Nikapiga moja, nikapiga ya pili.

"Hiyo ya kwanza ndiyo sidii," akasema mzee wa kanisa.

"Umejuaje?"

"Sikusikia mtu akikaanga mahindi."

Wakacheka. Yule rafiki wa upande wa ziwa akaweka kikombe chini. "Mimi ile ya mahindi ndiyo naipenda, omera. Angalau unajua kuna mtu jikoni."

"Unapenda takataka," nikamwambia.

"Napenda. Hiyo sidii yako ni safi kama hospitali. Naogopa kugusa kiti."

Hilo liliniuma kuliko lilivyostahili. Nikasema, "Ngoja basi niwaonyeshe takataka yenyewe," nikatoa santuri ya mama mkwe, nikaondoa shuka ili waone, nikainua ile santuri waone ilivyong'aa kwa mafuta. Nikawaambia imepakwa na nani. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akafuta macho. Nikaweka sindano.

Gitaa likaanza, likiwa mbali, kama mtu anapiga ndani ya gunia. Kisha yule kijana akaimba. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, na nilimwona rafiki yangu ameacha kutabasamu.

"Huyu kijana anajua kuimba," akasema. "Ni nani?"

Ubeti wa mwisho ukaanza. "Mama, nikifika mlangoni," akaimba, na hapo sindano ikakutana na donge la siagi na vumbi. Ikarudi. "Nikifika mlangoni." Ikarudi tena. "Nikifika mlangoni. Nikifika mlangoni."

"Afunguliwe basi aingie," akasema mzee wa kanisa.

Nikacheka. "Amechelewa, bibi amefunga."

"Nikifika mlangoni," akasema kijana.

"Ni mlevi huyu. Hajui hata mlango wa kwao," akasema mzee wa kanisa.

Kila mtu aliyewahi kuwa na santuri anajua la kufanya. Unaweka kidole kimoja juu ya mkono wa pleya, unausukuma kidogo kama unavyofukuza inzi, na wimbo unaendelea. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikauacha, kwa sababu walikuwa wanacheka.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Hakuwahi kufika karibu namna hiyo. Alikuwa amejifunika uso kwa leso upande wa kwangu, ameegemea nguzo, na alizungumza kuelekea uwanjani, alikokuwa binti yake, kwa sauti ya juu kama ilivyo kwa watu wasiosikia sauti yao wenyewe.

"Mwambie amwache amalize."

Mke wangu alikuwa katikati ya uwanja na birika la maji ya chai. Hakukuwa na haja ya kunifikishia neno, wote tulikuwa tumesikia.

Nilipaswa kumjibu kupitia kwa mke wangu. Nikamjibu moja kwa moja, usoni, mbele ya wanaume. "Mama, kijana wako amekwama. Umempaka siagi kama bibi harusi."

Mzee wa kanisa alianza kucheka, akaacha.

Rafiki yangu akasimama. "Omera, twende nje. Sote. Mama aingie, akae pale kwenye spika. Mimi nitasukuma sindano kisha nitoke."

"Kaa chini."

"Hata kwetu mkwe ana heshima yake."

"Heshima ya mkwe ni kukaa jikoni. Na nyumba hii si ya ofisi yenu, unitoe." Kisha nikasema nitaiponya ile rekodi mimi mwenyewe, sasa hivi, waone. Nikainua sindano. Kukawa kimya, na nikasikia mama anavuta pumzi, maana hata kule kukwama kulikuwa ni sauti ya mwanawe. Nikaomba birika.

Mke wangu akanipa. Alidhani nataka chai ya wageni.

Kwetu chombo chenye mafuta huoshwa kwa maji ya moto. Kila mtu amelelewa akiona hivyo. Maji baridi hayatoi siagi. Baadaye watu wenye huruma walisema nilifanya kwa mazoea ya nyumbani, nikawaacha waseme. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu wasiache santuri juani. Mimi ndiye niliyemgombeza mwalimu mmoja kwa kuweka yake juu ya boneti ya gari. Nilijua joto linafanya nini. Nilijua nikiwa nimeshika birika, na nilijua nikiweka santuri ndani ya karai la kunawia wageni.

"Hiyo si sahani, omera," akasema rafiki yangu, polepole.

Nikamwaga.

Siagi ilitoka, hilo ni kweli. Ilielea juu kwa vijiduara vya manjano. Chini yake ukingo wa santuri ulinyanyuka, ukajikunja ndani, ukasimama hivyo kama sikio. Nikaitoa kwa ncha za vidole, ikaniunguza, nikaiweka juu ya meza, na ilipopoa ilibaki ilivyo.

Mama hakuweza kuona kutoka pale alipokuwa, kwa sababu ya ile leso. Aliuliza tu, kwa ile sauti yake ya juu, "Amemaliza?"

"Amemaliza, mama," mke wangu akamwambia sikioni.

"Sikumsikia akinisalimu."

"Amekusalimu."

"Sikumsikia."

"Alisema kwa sauti ndogo, mama."

Akakubali. Ndilo jambo linalonirudia: alikubali. Alishika mkono wa binti yake wakavuka uwanja kurudi jikoni, na njiani alikuwa akijipiga sikio taratibu kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na maji. Rafiki yangu alichukua kofia yake. Alimuaga mke wangu, hakuniaga mimi. Hakurudi tena kwangu, na nilipokutana naye sokoni alinisalimu kwa Kiingereza, kama mtu wa ofisini.

Mvua zilipoanza mama aliomba kurudishwa Siongiroi. Alipandishwa kwenye pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua mahindi. Mke wangu aliifunga santuri katika kitambaa kilekile, ikafanya tumbo, na mama akaipapasa kupitia kitambaa, akajua. Hakuniuliza, asingeweza kuniuliza. Alimuuliza binti yake neno moja, sikulisikia, na mke wangu akaangalia pembeni. Nilisimama nyuma ya zizi mpaka pikapu ikaondoka. Hapo heshima niliishika vizuri.

Nilianza kutafuta santuri nyingine. Ningependa kuandika kwamba niliitafuta kwa ajili ya mama. Niliitafuta kwa sababu mke wangu alikuwa ameacha kuzungumza nami isipokuwa habari ya ng'ombe na majani. Kericho mjini maduka yalikuwa yameacha kuuza santuri, yalikuwa na kaseti tu, na hakuna aliyekuwa na wimbo huo. Niliambiwa kuna mtu Soin, kule chini kwenye joto, aliyekuwa na baa zamani na santuri nyingi za lugha yetu. Nilikwenda. Aliniongoza mpaka shambani. Alikuwa amezitoboa na kuzitundika kwa kamba juu ya mtama ili zifukuze ndege, na jua la Soin lilikuwa limezikunja zote. Tulizisoma moja moja karatasi zake zilizopauka. Ile ilikuwepo.

"Kwani ilikuwa nzuri sana?" akaniuliza yule mtu.

"Ilikuwa na mikwaruzo," nikasema. Hilo ndilo jibu lililonitoka.

Masikio ya mama yalifunga kabisa kabla ya mwaka kuisha. Aliishi miaka mingine michache. Kwenye mazishi yake shemeji yangu mdogo alinionyesha ile santuri yetu. Ilikuwa laini na nyeusi sana. Aliendelea kuipaka siagi mpaka mwisho.

"Sandana," akaniambia, kwa jina letu la shemeji, bila ukali wowote, "unajua alikuwa anaiweka wapi? Sikioni. Alilala nayo hivyo." Ile mikunjo ya karai ilikuwa inakaa vizuri kwenye kichwa cha mtu. Wakamzika nayo.

Stima ilikuja, mashine ya sidii ikafa, sidii zenyewe nimezitundika kwenye bustani ya mboga na ndege hawaziogopi. Tangu Jumapili ile mke wangu huondoka chumbani muziki ukiwashwa. Watoto wetu walidhani ni mambo ya wokovu.

Basi juzi, baada ya mimi kusema sijui, mjukuu hakuniacha. Alitaka wimbo wa zamani wa lugha yetu, wowote, autafute. Sijui kwa nini nilimpa huo. Nilimtajia maneno ya mwanzo. Akaandika, akasubiri, kale kaduara kakazunguka.

"Kugo, nimeupata. Si ndio huu?" akaniuliza, akiniita kwa neno letu la babu.

Gitaa likatoka katika simu. Sijawahi kusikia gitaa lile likiwa safi hivyo. Mtu fulani, sehemu fulani, alikuwa ameliosha, hakuna mvumo, hakuna mahindi. Mke wangu aliinuka na ungo wake aende zake. Kisha kaka yake akaimba, naye akakaa tena, polepole, maharagwe yakamwagika kidogo na hakuyaokota. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nilishika ukingo wa kiti.

Sauti ikaanza kushuka. Ikashuka kama mtu anayetembea akiacha nyumba, na juu yake, kwa nusu sekunde tu, ikaja pumzi ya mtangazaji anayetaka kusema kitu. Ikakatika. Aliyeuweka mtandaoni alikuwa ameunasa kwenye redio.

"Imeisha," akasema mjukuu.

"Haijaisha," akasema mke wangu.

"Imeisha, kogo. Angalia. Imefika mwisho," akamwonyesha nyanya yake simu.

"Kuna ubeti mwingine."

Mtoto akatafuta tena, akapata uleule, umewekwa na watu tofauti, na kila mara ulikatika palepale. Akamgeukia nyanya yake. "Basi wewe niambie. Ubeti huo unasemaje?"

Mke wangu alikuwa ameanza kuokota maharagwe. "Muulize babu yako. Yeye ndiye alikuwa na mashine."

Mtoto akanitazama. Niliupiga wimbo huo kila Jumapili kwa miezi mingi, nikiwa nimekaa kwenye kiti bora cha nyumba, kati ya spika mbili. Nakumbuka mahali gitaa lilipovuma. Nakumbuka mkwaruzo mrefu baada ya ubeti wa pili, na besi iliyokuwa nyepesi, na jinsi nilivyofikiri wangeweka kinasa sauti karibu zaidi na kijana. Wimbo ni wa lugha yangu, niliyonyonya, na maneno yake sikuwahi kuyasikiliza.

"Anasema, 'Mama, nikifika mlangoni,'" nikamwambia.

"Halafu?"

Mke wangu alikuwa ameinama, anasubiri pia, au anachagua tu.

"Halafu, kugo?"